Ubeti wa Jirani: Mauaji na Waliokuwepo katika Fasihi ya Unguja

Katika mashairi ya maombolezo yatungwayo pwani pindi mtu anapouawa hadharani, upo ubeti ambao msomaji aliyezoea huutabiri kabla hajaufikia. Beti za mwanzo humtaja Mola na kumsifu marehemu. Zinazofuata humlaani muuaji na kumkabidhi kwa Mwenye kuhukumu. Kisha hufika ubeti wa jirani. Humo mshairi hugeuka, akaacha kumtazama aliyetenda, akawatazama waliokuwepo: walisikia wasitoke, waliona wasiseme, wakarudi ndani wakafunga madirisha. Utu umekwisha, husema mshairi, na vina vikakaa mahali pake, na msomaji akatikisa kichwa. Ni ubeti mwepesi kuutunga kwa sababu lawama yake haina mwenyewe. Jirani hatajwi jina, hapewi nafasi ya kujitetea, na kila asomaye huamini moyoni mwake kwamba jirani huyo ni mtu mwengine.

Ubeti huo wastahiki kupimwa upya, si kwa vina na mizani, ambavyo aghlabu huwa havina kasoro, bali kwa ukweli wake. Kisiwa cha Unguja kina kadhia zake za damu, na waandishi wake wakubwa wamezigusa, baadhi yao kwa uwazi na baadhi yao kwa kuzunguka. Walichokiona kuhusu jirani hakilingani na kile ambacho ubeti huo unakikariri.

Kwanza iangaliwe nadharia yake, ambayo ilitoka mbali. Alfajiri ya tarehe 13 Machi 1964, miezi miwili na siku moja baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, mwanamke wa miaka 28 aitwaye Kitty Genovese alichomwa kisu karibu na nyumba aliyokuwa akiishi, Kew Gardens, katika Queens ya jiji la New York. Wiki mbili baadaye gazeti la New York Times liliandika kwamba watu 38 walitazama kutoka madirishani kwa zaidi ya nusu saa, wala hapana hata mmoja aliyewapigia simu polisi wakati muuaji akiwa kazini. Idadi hiyo ikasafiri duniani. A. M. Rosenthal, mhariri katika gazeti hilo, akaifanya jina la kitabu chake mwaka huo huo. Mwaka 1968 wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané wakachapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba kadiri mashahidi wanavyozidi kuwa wengi ndivyo kila mmoja wao anavyozidi kusita, akidhani kuwa mwenziwe keshafanya la kufanywa. Majaribio hayo yana uzito wake mpaka leo. Kisa kilichoyazaa ndicho kilichokuwa na walakini.

Watafiti watatu, Manning, Levine na Collins, waliochapisha kazi yao mwaka 2007, hawakuona ushahidi wa hao mashahidi 38 kama walivyosimuliwa. Shambulio lilikuwa na sehemu mbili, na ile ya pili ilitokea ndani, penye ngazi za jengo, ambako wengi wasingeliweza kuona kitu. Mtu mmoja alipiga kelele kutoka dirishani kwake na muuaji akakimbia kwa muda. Mwanamke mmoja jirani aliteremka kiza kile kile, asijue kama muuaji bado yupo au keshaondoka, akampakata majeruhi mpaka gari ya wagonjwa ilipofika. Ni kweli wapo walioona vya kutosha wakakaa kimya, lakini walikuwa wachache sana kuliko 38. Mwaka 2016, muuaji alipofia gerezani, gazeti lenyewe likakiri kwamba habari yake ya mwanzo ilikuwa na kasoro kubwa.

Mwanamke aliyeteremka ngazi hakuingia katika hadithi kwa takriban miaka arubaini. Hakuingia kwa sababu angeliiharibu. Idadi kamili, madirisha yenye mwanga, watu wenye heshima zao wasiojali: hiyo ilikuwa tungo iliyokwisha pangwa, na mtu mmoja aliyefanya lililo jema angelivunja mizani. Mtunzi yeyote wa mashairi ya arudhi ataielewa tamaa hiyo. Neno likikataa kukaa katika kipande, huachwa. Na kama neno lenyewe ni mtu, basi huachwa mtu.

Sasa msomaji arudi Mji Mkongwe. Nadharia ya New York ilizaliwa katika mji wa watu wasiojuana, ambamo mtu aweza kuishi miaka kumi bila ya kulijua jina la aliye nyuma ya ukuta. Mji Mkongwe haukujengwa hivyo. Nyumba zake za mawe na chokaa zimesongamana hata jua huingia njiani kwa zamu; baraza zimeunganishwa na kuta, na anayekaa barazani amekaa nusu ndani ya nyumba na nusu njiani. Madirisha ya juu yana mbao zenye vipenyo, yametengenezwa ili wa ndani aone na wa nje asione. Mtu akipiga chafya Kiponda, humwambia afya mtu wa Hurumzi. Wageni waliojuana jana Sokomuhogo, leo kahawa yao imeshazungumzwa Malindi. Katika mji wa namna hiyo hapana anayeweza kusema hakusikia. Kwa hivyo ubeti wa jirani, ukiletwa hapa, hauwezi kutegemea ujinga wa kutojua wala upweke wa mji mkubwa. Lazima utafute sababu nyengine, na aghlabu hautafuti. Hutia tu neno "kutojali" na kuendelea.

Hapo ndipo lugha inapodai haki yake. Kiswahili hakina kimya kimoja. Kuna kupuuza, kuna kughafilika, kuna kustahi, kuna kusitiri, kuna kuogopa. Anayesitiri hudhani anafanya wema. Anayeogopa anajua kwamba hafanyi wema lakini ana watoto. Mwanamke akipigwa usiku nyuma ya ukuta wa shirika, mtaa mzima husikia, na mtaa mzima husema ya mume na mke hayaingiliwi. Huo si upungufu wa kujali, ni adabu iliyogeuzwa sanda. Mtoto wa kiume akikimbia Darajani na nyuma yake mtu akapiga ukemi wa "mwizi!", watu hutoka kila uchochoro kabla ukemi haujakatika, na si kwa ajili ya kumwokoa mtu. Hao ndio majirani wale wale. Basi mtu asiseme kwamba hawatoki. Swali ni ukemi upi unaowatoa, na nani amewaruhusu kutoka.

Upo ushahidi wa upande wa pili, nao ni mzito. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba, katika mkondo wa bahari ulio mbele ya Nungwi, ikachukua roho za mamia ya watu. Waliookolewa walizidi 600, na miongoni mwa waliotoka mapema kuwafuata walikuwa wavuvi na watu wa vyombo vya pwani ile. Wavuvi hao hawakusubiri amri ya mtu, wala hawakukaa kuhesabu ni vyombo vingapi vingine vilivyokwisha kutoka. Mashairi mengi yalitungwa baada ya msiba ule, na ubeti wa jirani katika mengi ya hayo ulikuwa wa shukrani. Tafauti baina ya usiku ule na nyusiku nyengine haikuwa katika nyoyo za watu wa Unguja. Bahari huua, lakini bahari haiulizi kesho yake nani alikwenda kumsaidia nani.

Fasihi ya kisiwa ililijua hilo mapema, ingawa ililisema kwa mlango wa nyuma. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918, alipata tuzo ya kwanza katika shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957-58 kwa hadithi ya *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyochapishwa mwaka 1960. Maiti ya Bwana Ali, mtu mwenye mali na mashamba, yakutikana penye mzimu. Kwa sifa za kawaida, kitabu hiki husomwa kama mwanzo wa hadithi za upelelezi katika Kiswahili, na Bwana Msa na kiko chake hulinganishwa na Sherlock Holmes, mlinganisho ambao umeshachosha. Kilicho kipya zaidi katika hadithi hiyo ni huo mzimu wenyewe, na kazi unayoifanya kwa walio hai.

Maana mzimu ukiua, hapana wa kuulizwa. Jirani hakuona, kwa sababu mzimu hauonekani. Hakusema, kwa sababu mzimu hausemwi. Hakutoka, kwa sababu nani mwenye akili atatoka kuuendea mzimu? Jamii nzima huoshwa mikono kwa jina moja. Msomaji wa leo aweza kuwacheka wanakijiji wale kwa ushirikina wao, na mtunzi mwenyewe yamkini alitaka achekwe mtu, lakini aliwapa kitu ambacho ubeti wa jirani hauwapi: sababu. Hawakunyamaza kwa kukosa utu. Walikuwa na maelezo kamili ya dunia ambayo ndani yake kunyamaza ndiko kuliko sawa, na Bwana Msa, kabla ya kumpata muuaji, analazimika kwanza kuyavunja maelezo hayo. Upelelezi wake wa kweli umo humo zaidi kuliko katika alama za miguu na vipande vya nguo.

Kuna jambo moja katika maisha ya Abdulla ambalo wahakiki hulipita haraka. Kabla ya kuingia katika uhariri wa magazeti, hatimaye akawa mhariri wa *Mkulima*, alifanya kazi katika idara ya afya. Alikuwa bwana afya, mtu mwenye ruhusa ya kubisha hodi nyumba yoyote, kuchungulia kisima na choo, kuuliza nani anaumwa. Bwana Msa ana ruhusa hiyo hiyo. Hakuna mlango usiofunguka kwake, hakuna baraza inayonyamaza akipita, na kila swali lake, hata liwe la fedheha vipi, hujibiwa. Ni ndoto ya mji ambamo kuuliza hakumdhuru aulizaye.

Ndoto hiyo iliendelea kuchapishwa wakati mji wenyewe ukibadilika. *Kisima cha Giningi* kilitoka 1968, *Duniani Kuna Watu* 1973, *Siri ya Sifuri* 1974, *Mke Mmoja Waume Watatu* 1975, *Mwana wa Yungi Hulewa* 1976. Tarehe hizo ziwekwe kando ya tarehe za Unguja na zisomwe polepole. Mwaka 1969 Abdulla Kassim Hanga, aliyekuwa Waziri Mkuu wa serikali ya Mapinduzi, na Othman Shariff, aliyekuwa waziri, walirejeshwa kisiwani kutoka bara na wakauawa. Mahakama ya Wananchi, ambayo mbele yake mshitakiwa hakuwa na wakili, ilianza kazi baada ya hapo. Katika miaka hiyo ambapo watu walitoweka na hapana aliyeuliza, msomaji wa Kiswahili alinunua vitabu ambavyo ndani yake mtu mmoja mpole mwenye kiko huuliza kila kitu, na mwisho wa kitabu hujua. Wako wanaoziita hadithi hizo za kukimbilia starehe. Si hukumu ya haki. Mtu mwenye kiu hatulizwi kwa kuambiwa kwamba maji aliyoyaota hayakuwepo.

Kisha Kisiwandui. Jina lenyewe lina ndui ndani yake, kumbukumbu ya zama ambapo wagonjwa wa maradhi hayo walitengwa na wenzao. Jioni ya tarehe 7 Aprili 1972, katika makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi, Rais Abeid Amani Karume alikuwa amekaa na wenziwe kwa mchezo wa bao, kama ilivyokuwa ada yake, walipoingia watu wenye silaha. Alipigwa risasi akafa. Sheikh Thabit Kombo, aliyekuwa naye, alijeruhiwa. Hakuna mauaji yaliyo maarufu zaidi katika historia ya karne hii na iliyopita kisiwani humu, na kila mwaka siku hiyo husomwa khitma hapo hapo Kisiwandui, penye kaburi lake.

Mauaji hayo hayana ubeti wa jirani, wala hayauhitaji. Hapana aliyekuwa na nafasi ya kufanya jambo katika dakika zile. Ubeti ungehitajika kwa yaliyofuata. Watu wengi walikamatwa, wengine usiku majumbani mwao. Kesi ya uhaini ilisikilizwa mbele ya Mahakama ya Wananchi kuanzia 1973, bila ya mawakili wa utetezi, na hukumu zikatolewa 1974, miongoni mwake hukumu za kifo, hata kwa watu ambao hawakuwepo mahakamani, kama Abdulrahman Babu, aliyekuwa kizuizini bara na asiachiwe mpaka 1978. Kila aliyekamatwa alitoka katika nyumba, na kila nyumba ilikuwa na kuta za shirika na watu nyuma yake. Gari iliposimama njiani usiku, mtaa mzima ulijua imesimama mlango wa nani. Asubuhi yake kulikuwa na mke aliyebaki, na watoto wa kupelekwa chuoni, na mkate wa kununuliwa dukani, na majirani wa kusalimiana nao. Au wa kutosalimiana nao.

Adam Shafi Adam ndiye aliyeingia humo kwa riwaya. *Haini* ilichapishwa mwaka 2003, miaka 31 baada ya Kisiwandui, na huo muda wenyewe ni sehemu ya maana ya kitabu. Kiongozi ameuawa, Hamza yumo ndani, na sehemu kubwa ya yanayosimuliwa yamo katika kuta za jela na mikononi mwa watesaji. Wahakiki waliisifu kwa ujasiri wake, nao hawakukosea. Hapana riwaya ya Kiswahili kabla yake iliyoukaribia moto ule kwa kiasi hicho. Jina lake ndilo lenye ufundi mkubwa kuliko yote. "Haini" si neno la mfungwa juu ya nafsi yake. Ni neno la aliyemkamata, na kuliweka juu ya jalada ni kumkabidhi msomaji neno lile lile alilokabidhiwa mtaa, ili aone linavyofanya kazi.

Na lilivyofanya kazi ni hivi. Katika New York ukemi wa yule mwanamke ulikuja kabla ya jina. Waliosikia hawakujua ni nani wala ana kosa gani. Unguja jina lilitangulia ukemi. Mtu akishaitwa haini, kilio chake hakisikiki tena kama kilio cha jirani, husikika kama ushahidi. Na anayekiitika hujiandikisha mwenyewe. Hapo neno limefanya kazi ya mzimu wa Bwana Ali: limewapa waliobaki maelezo ya dunia ambayo ndani yake kunyamaza ndiko kuliko sawa. Tafauti ni kwamba mzimu wa Muhammed Said Abdulla ulikuwa na mpelelezi wa kuuvunja, na neno hili halikuwa naye.

Hata hivyo riwaya ina upungufu, na upungufu huo unahusiana na ubeti wa jirani moja kwa moja. Watesaji katika *Haini* wamechorwa kwa wino mzito kiasi ambacho msomaji hana budi kuwachukia, na akishawachukia amemaliza kazi. Uovu wote umekusanywa jela, umefungiwa humo pamoja na wafungwa. Mtaa uliosikia gari hausumbuliwi sana. Msomaji wa Vuga au wa Mkunazini aweza kukifunga kitabu akiwa na hasira halali na raha kamili, kwa kuwa hakujikuta humo. Ubeti wa jirani humlaumu jirani bila ya kumjua. *Haini* humwacha jirani bila ya kumlaumu wala kumjua. Yote mawili humkosa.

Kinachofanya upungufu huo ushangaze ni kwamba mtunzi huyu anajua kumwandika jirani kuliko mtunzi yeyote wa kizazi chake. Ushahidi ni *Vuta N'kuvute* ya mwaka 1999. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa Bwana Raza aliyemzidi umri mno, anamkimbia mumewe, na anaporudi Unguja jamaa zake wanamkataa. Milango ya watu wa damu yake imefungwa. Anayefungua ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo asiye na cha ziada, na kufungua kwake hakupambwi kwa hotuba; anampa mahali pa kulala na maisha yanaendelea. Ndani ya nyumba ya Mwajuma kuna vicheko, kuna taarabu, kuna utani wa Kiunguja ambao msomaji wa pwani atausoma kwa sauti, na ndani ya yote hayo kuna tendo moja ambalo mtaa wa upande wa pili haukuthubutu kulifanya. Mwajuma ni yule mwanamke wa Kew Gardens aliyeteremka ngazi, ila huyu hakusahauliwa na mwandishi wake.

Inafaa kuuliza kwa nini Mwajuma aliwezekana katika kitabu kimoja na hakuwezekana katika kingine. *Vuta N'kuvute* imo katika zama za ukoloni, kama *Kuli* ya 1979 ilivyosimama juu ya mgomo wa makuli wa 1948. Katika zama hizo, kama zinavyoonekana baadaye, adui ana sura ya mgeni, na anayemfungulia mlango aliyekimbia yuko upande wa historia ambao kila mtu sasa husema alikuwa upande huo. Baada ya 1964 hesabu hiyo haifanyi kazi. Aliyekamata ni mtoto wa mtaa, aliyekamatwa ni mtoto wa mtaa, na aliyechungulia dirishani alisoma chuo kimoja na wote wawili. Kumwandika jirani wa 1972 kwahitaji kumwandika mtu ambaye wajukuu zake wako hai na huswali safu moja na wajukuu wa aliyechukuliwa.

Washairi, wakati huo wote, walikuwa na njia yao. Fumbo ndilo hifadhi kongwe ya shahidi mwenye khofu, na ushairi wa visiwani umeliendeleza mpaka likawa elimu. Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyezaliwa 1933 na kufariki 2021, aliyeijua bahari kabla ya kuijua kalamu, alikusanya tungo zake katika *Kimbunga* mwaka 1994, na shairi lililoupa mkusanyiko huo jina lake limesomwa na kusomwa tena: wako walioona humo upepo tu, na wako walioona Mapinduzi. Mshairi hakulazimika kuchagua. Hapo ndipo uzuri wa fumbo ulipo, na ndipo hatari yake ilipo vile vile. Fumbo huhifadhi ushahidi mpaka wakati utakapoweza kuubeba. Lakini fumbo humruhusu pia mtu aliyeona kufa bila ya kusema kwamba aliona, huku akisifiwa kwa ufundi. Mwerevu huligangua, wasema wahenga, na aghlabu mwerevu huyo aliligangua kimya kimya, akatabasamu, akanyamaza naye.

Aliyekataa hifadhi hiyo alikuwa wa Mombasa. Abdilatif Abdalla aliandika waraka wa *Kenya: Twendapi?* mwaka 1968, kwa lugha isiyokuwa na pazia, akafungwa miaka mitatu kuanzia 1969. Tungo alizozificha gerezani, nyengine zimeandikwa juu ya karatasi za chooni, zikawa *Sauti ya Dhiki*, iliyochapishwa 1973 na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata, tuzo yenye jina la Rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Alitoka jela 1972, mwaka ule ule ambao jela za Unguja zilikuwa zikijaa. Kumlinganisha na washairi wa visiwani waliobaki na mafumbo yao ni jambo jepesi mno na si la haki. Yeye alihukumiwa kwa muda unaojulikana, na alipomaliza alitoka. Ila mlinganisho mmoja unafaa. Katika *Sauti ya Dhiki* mfungwa hana wakati wa kumlaumu jirani. Anazungumza na nduguye, na nafsi yake, na waliomfunga. Ubeti wa jirani haumo, na mtu asiyekuwemo hakumbuki hata kuutafuta. Yaonekana ubeti huo hutungwa zaidi na wale waliobaki nje.

Pengo lililoachwa na *Haini* limejazwa kwa kiasi fulani kwa lugha nyengine. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ana riwaya mbili ambazo hata majina yake yamo katika mjadala huu: *Admiring Silence* ya 1996, yenye kimya katika jina, na *By the Sea* ya 2001. Katika hii ya pili Saleh Omar anakaa kifungoni miaka mingi, mkewe na bintiye wanakufa naye yumo ndani, na waliomtia humo si watesaji wa kutisha bali ni watu wa nyumba aliyogombana nayo juu ya mali, waliojua mlango gani wa serikali wa kubisha. Huo ndio uchunguzi ambao *Haini* haukuufanya. Kwa Gurnah jirani hasimami kando ya uovu akiutazama. Yumo ndani yake, na hesabu zake za nyumba na mirathi na kijicho cha miaka. Baina yake na mtesaji pana hatua chache tu za kutembea, na baadhi ya watu wamezitembea kwa sababu ya chumba cha duka.

Riwaya ya Gurnah ya *Paradise* ilifasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la *Peponi*, ikatoka 2022, na wasomaji wa Unguja wakaona jinsi sentensi zake zilivyorudi nyumbani bila ya kupotea njia. *By the Sea* ndiyo iliyostahiki kufuata, kwani watu wake huzungumza Kiunguja nyuma ya Kiingereza chao, na ugomvi wao wa nyumba ni ugomvi ambao kila kadhi wa mjini ameusikia.

Hata humo, lakini, Mwajuma wa 1972 hayumo. Mwanamke aliyepitisha sahani ya chakula usiku, kwa mlango wa uani, akampelekea mke wa aliyeitwa haini. Mwalimu wa chuo aliyekataa kuwatenga watoto wake. Muuza duka aliyeendelea kuandika deni katika daftari akijua kwamba halitalipwa: watu wa namna hiyo husimuliwa barazani kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya sala ya Isha na baada ya msimuliaji kuangalia nani amekaa karibu. Hawakuzuia kitu. Waliouawa waliuawa, na gari ilirudi usiku mwengine kwa mlango mwengine. Kwa ubeti wa jirani hao hawafai, maana wanaharibu lawama. Kwa riwaya ya ushujaa nao hawafai, maana hawakushinda. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1972 sasa amepita sabini, na wengi wa waliobeba sahani zile walikuwa wakubwa zaidi ya hapo.